Chai ya majani ya msonobari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msonobari ni mti gani hasa? Huku kwetu tunasema paini.

Ni huohuo. Mafundi wa mbao husema paini, vitabu husema msonobari, na ukifika Mufindi au Njombe utasikia misindano, jina lililotokana na majani yake membamba. Shamba la miti la Sao Hill limejaa miti hii, na Kenya utaikuta Kinale, Elburgon, Timboroa na kwingine kwenye mashamba ya serikali.

Aina iliyoenea zaidi nyanda za juu ni *Pinus patula*, yenye asili ya Mexico. Majani yake yana urefu wa sentimita 15 hadi 30 na yananing'inia kama nywele zilizochanwa. Sehemu za chini na zenye joto hupandwa zaidi *Pinus caribaea* na *Pinus elliottii*, ambazo majani yake ni magumu na hayaning'inii sana.

Watu waliozoea kunywa chai hii kwa vizazi ni wa mbali na huku. Wakorea hutumia *Pinus densiflora*, Warusi na majirani zao *Pinus sylvestris*, na Amerika ya Kaskazini mashariki hutumika *Pinus strobus*. Patula hatuiweki kwenye kundi la miti iliyozoeleka hivyo, ndiyo maana vipimo vya ukurasa huu ni vya kikombe cha kuonja, si cha kunywa asubuhi na jioni mwaka mzima.

Nitaujuaje, nisije nikachuma mti mwingine?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, maana chai ikiharibika utaimwaga, lakini ukikosea mti, wewe mwenyewe unaweza kuumia.

Shika kijitawi na uchomoe majani kwa ukucha. Jani la msonobari halitoki peke yake. Hutoka kitita kizima cha majani mawili, matatu au matano, yote yameshikwa chini na ala fupi ya kahawia, nyembamba kama karatasi ya sigara. Patula na caribaea kwa kawaida huwa na matatu kwenye kitita, elliottii mawili au matatu, sylvestris mawili, strobus matano. Yakusanye majani yote ya kitita kimoja na uyapange upya: yanakutana na kuwa kijiti kimoja cha mviringo. Halafu yafikiche. Harufu iwe ya utomvu na ganda la limau.

Inayochanganya watu ni hii:

Mvinje, ule wa ufukweni. Kinachoonekana kama jani lake ni kijitawi chenye pingili. Ukikivuta kinaachia kwenye pingili, kipande kimoja kinachomoka ndani ya kingine. Ukiishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa na ukadhani umeona paini pwani, anza kwa kuhisi kuwa ni mvinje.

Saiprasi, yaani "mti wa Krismasi" wa ua na makaburini, pamoja na mtarakwa. Hii ina magamba madogo yaliyolaliana, haina vitita. Iache.

Araukaria, ule mti wa mapambo wenye matawi yaliyopangika ghorofa kwa ghorofa. Majani yake ni mafupi, yamepinda na yamezunguka kijitawi chote. Uache pia.

Podo ina majani bapa, moja moja. Na jani lolote jembamba linalotoa maziwa meupe likikatwa litupe na unawe mikono, kwa sababu msonobari hautoi maziwa. Hutoa utomvu mwangavu unaonata.

Mnaosoma mkiwa Ulaya au Amerika ya Kaskazini mna hatari kubwa kuliko sisi: *Taxus baccata* na ndugu zake, miti ya ua na ya makanisani yenye vijani bapa, moja moja, na vitunda vyekundu laini. Majani yake yana sumu inayosimamisha moyo, na kuchemsha hakuiondoi. Kama hujaona ala ya kahawia na vitita, usichume.

Kuna misonobari ya kweli ambayo nayo haifai?

Ipo. *Pinus ponderosa* ya magharibi mwa Marekani na Kanada inajulikana kwa kuharibu mimba za ng'ombe wanaokula majani yake. Kinachofanya hivyo ni asidi ya isokupresiki, na imeonekana pia kwenye *Pinus contorta* na *Pinus radiata*. Radiata ilipandwa Afrika Mashariki kabla ya ugonjwa wa majani kuikatisha tamaa, na miti mizee bado inaweza kukutwa. Majani yake ni ya kijani kibichi kilichokolea, matatu matatu, na ni mafupi kuliko ya patula, kama sentimita 10 hadi 15. Kwa chai, iruke.

Mjamzito anaweza kunywa?

Hapana, wala anayejaribu kupata mimba. Sababu imetajwa hapo juu. Anayenyonyesha, mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa figo na anayetumia dawa za kila siku nao wasiingie kwenye majaribio haya bila kumuuliza daktari au mfamasia.

Nichume majani yapi, na wapi?

Chuma ya mwisho wa tawi, yaliyokwisha kufunguka lakini bado laini. Machipukizi yanayosimama wima kama mishumaa yana ladha nyepesi na uchachu mzuri, ila ukiyakata unazuia tawi kurefuka, kwa hiyo usichukue zaidi ya mawili matatu kwa mti. Majani yaliyokomaa yana harufu nzito zaidi. Yaliyodondoka chini achana nayo, hata yawe bado na ukijani: yameshapoteza harufu na yameanza ukungu.

Angalia jani kwa karibu kabla ya kulitia mfukoni. Mstari mwekundu unaokata jani katikati, ncha ikiwa imekauka huku chini kukiwa kijani, ni ugonjwa wa kuvu uitwao dothistroma, huohuo ulioimaliza radiata. Vijisufi vyeupe kwenye shina la majani ni vidukari. Havitakuua, lakini chai itakuwa na ladha ya vumbi na sukari iliyooza.

Kuhusu mahali: kaa mbali na barabara kuu, na kitalu cha miche kinachopigwa dawa. Miti iliyochanjwa kwa ajili ya kugema utomvu nayo iache, kwa kuwa kwenye chanjo mara nyingi hupakwa mchanganyiko wenye asidi. Na mashamba haya yana wenyewe. Tanzania ni TFS (wakala wa serikali wa misitu), Kenya ni KFS (shirika la serikali la misitu), au ni mtu binafsi. Omba ruhusa, konzi mbili za majani hakuna atakayekunyima, ila kukutwa na panga ndani ya shamba la miti bila maelezo ni kesi nyingine. Ukimjua anayepogolea, muombe matawi ya siku hiyohiyo.

Natengenezaje kikombe cha kwanza?

Kwa kikombe kikubwa cha mililita 300 unahitaji gramu 10 za majani mabichi, sawa na konzi moja isiyoshindiliwa.

Vua ala za kahawia kwanza. Shika kitita, bana ala kwa kucha na uivute kuelekea chini. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka, kisha hulalamika kuwa chai ni chungu. Ala ndiyo hukaa vumbi, wadudu na sehemu ya uchungu. Njia ya mkato: panga vitita vichwa vyote upande mmoja, kata sentimita moja ya chini kwa kisu mara moja, tupa.

Osha kwa maji baridi, mara mbili. Kata vipande vya sentimita moja kwa mkasi, juu ya chombo utakachotumia, ili kile kinachotoka kwenye mkato kisibaki kwenye kibao. Usisage wala usitwange: ukitwanga utomvu wote unatoka kwa pamoja.

Chemsha maji, epua, acha yapoe hadi nyuzi joto 85 hivi. Mimina juu ya majani na ufunike mara moja. Kifuniko si urembo: harufu ya msonobari ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke, na jikoni likinukia vizuri ujue kikombe kimeibiwa. Acha dakika 10 kwa majani machanga, 15 kwa yaliyokomaa, kisha chuja kwa chujio la chai lililotandikwa kitambaa safi.

Ikikaa sawa rangi ni njano hafifu yenye ukijani, kama maji ya mchaichai. Ladha huanza na uchachu mdogo wa limau, halafu utomvu, halafu ubaridi kidogo kooni. Mara ya kwanza kunywa nusu kikombe tu na usubiri mpaka kesho. Ukiona muwasho mdomoni, vipele au tumbo kuvuruga, chai hii si yako.

Sina kipimajoto. Nyuzi 85 nitazipataje?

Changanya. Ukiwa pwani, vikombe vinne vya maji yanayochemka na kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa (nyuzi 25 hivi) vinakupa 85 karibu kamili.

Nyanda za juu hesabu inabadilika. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Huko tumia vikombe sita vya moto kwa kimoja cha baridi, utapata kama 84. Au epua tu, fungua kifuniko, subiri dakika tatu. Kwa baridi ya Mafinga mwezi wa saba, dakika mbili zinatosha, na kikombe chenyewe kipashe moto kwanza kwa maji ya moto, la sivyo udongo wa kikombe utakula nyuzi zako.

Mbona yangu inanuka kama rangi ya mafuta?

Kwa sababu umeichemsha. Tumezoea chai ichemke, itokote, ipande mpaka mdomo wa sufuria. Kwa majani ya chai hiyo ni sawa. Msonobari una utomvu, na utomvu huohuo ndio malighafi ya tapentaini ya kuchanganyia rangi. Ukichemsha dakika kumi, mafuta yenye harufu nzuri yanaruka, utomvu mzito na uchungu vinabaki. Hakuna sukari ya kurekebisha hapo. Mwaga, anza upya.

Sababu ya pili ni wingi wa majani. Gramu 10 ikikuonekea kidogo, ongeza muda kabla ya kuongeza majani.

Na ikiwa haina ladha kabisa, maji matupu?

Ama maji yalikuwa ya uvuguvugu, ama hukukata majani. Jani zima limepakwa nta ya asili isiyopitisha maji, kwa hiyo ladha hutokea kwenye mkato peke yake. Majani yaliyokaa kwenye mfuko wa plastiki juani nayo hupoteza harufu ndani ya siku moja.

Nawezaje kujaribu kwa mpango, badala ya kubahatisha?

Badilisha kitu kimoja kwa kila kikombe. Chukua majani ya tawi moja, pima gramu 10 mara nne, weka kwenye vikombe vinne vinavyofanana. Cha kwanza kimiminie maji ya nyuzi 70, cha pili 85, cha tatu maji yanayochemka, na cha nne kichemshe kwenye moto mdogo dakika kumi. Vitatu vya kwanza vifunike dakika 12. Chuja vyote, viache vifikie joto moja ndipo uonje, kwa sababu kinywaji cha moto huficha uchungu.

Kabla ya kuonja, inamisha kila kikombe kuelekea dirishani. Kwenye cha nne utaona utando wenye rangi rangi, kama petroli iliyodondoka kwenye dimbwi, na vitone vinavyokimbilia ukingoni na kunata kwenye kikombe. Kwenye cha pili utando huo ni mdogo sana au haupo. Jicho linakupa jibu kabla ya ulimi.

Andika kwenye karatasi: aina ya mti, tarehe, umri wa majani, joto, dakika. Siku nyingine shikilia 85 na ubadilishe muda: dakika 5, 10, 20, 40. Baada ya 20 uchungu huongezeka kuliko harufu. Jaribio la tatu lililo na maana ni machanga dhidi ya yaliyokomaa. Zaidi ya hapo ni mambo ya ulimi wako.

Naweza kutia maziwa?

Unaweza, hutafurahi. Mafuta ya maziwa hufyonza harufu ya utomvu na kuishikilia, kwa hiyo unachopata ni maziwa yenye ladha ya mbao. Vinavyoendana nayo ni asali, tone la ndimu, kipande chembamba cha tangawizi, au mchaichai nusu kwa nusu. Iliki huizidi nguvu. Mdalasini hupatana nayo kiasi, karafuu hapana kabisa.

Mchanganyiko tunaoupenda ni chai ya rangi: gramu 1 ya majani ya chai na gramu 6 za msonobari, mililita 300, dakika nne tu, kisha chuja vyote. Mufindi mashamba ya chai na ya paini yanapakana, sijui kwa nini mchanganyiko huu haujawa wa kawaida huko. Wachina wa Fujian wana njia nyingine: chai yao ya moshi, lapsang souchong, hukaushwa juu ya moshi wa mbao za msonobari.

Ni kweli ina vitamini C nyingi?

Inayo. Wakati Leningrad imezingirwa na jeshi la Ujerumani, 1941 hadi 1944, maji ya majani ya msonobari yaligawiwa watu ili kuwakinga na kiseyeye, ugonjwa wa fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini hiyo. Lakini wale hawakuwa na tunda. Kiasi kinachoingia kikombeni hubadilika sana kwa aina ya mti, msimu na joto, na joto kali likiungana na hewa huiharibu. Ukitaka vitamini C, kula pera: gramu 100 zake hufika miligramu 200. Chai hii inywe kwa ladha.

Nilisikia inatibu korona na "kusafisha" chanjo.

Uvumi huo ulisambaa mwaka 2021, ukidai majani haya yana suramini. Hayana. Suramini ni dawa iliyotengenezwa maabara nchini Ujerumani zaidi ya miaka mia iliyopita, na Afrika Mashariki inajulikana kwa kutibu malale, ikidungwa kwenye mshipa hospitalini. Si kitu kinachoota mtini. Chai ya msonobari haitibu korona, malaria, kisukari wala presha, na anayeiuza kwa maneno hayo anauza maneno.

Basi nikinunua tapentaini au mafuta ya msonobari dukani, nitie matone mawili?

Usithubutu. Mafuta ya chupa ni harufu ya kilo nyingi za majani iliyokusanywa kwenye mililita chache. Tapentaini ikimezwa huumiza mapafu, figo na ubongo. Aliyemeza apelekwe hospitali bila kutapishwa.

Nawezaje kuyahifadhi?

Mabichi: yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, kwenye friji, siku tano hadi saba. Kwenye friza hukaa miezi, na harufu hubaki vizuri kuliko ukikausha. Yakate yakiwa bado yameganda.

Kukausha: tandaza kivulini, penye upepo, tabaka moja, ugeuze kila siku. Patula huchukua kama wiki. Yakiwa tayari hukatika kwa mlio, hayapindi. Juani hugeuka ya rangi ya majani makavu ya mgomba na hunukia hivyohivyo. Tumia nusu ya kipimo, gramu 5.

Nimesikia yanatoa soda yenyewe bila hamira. Vipi?

Juu ya majani mabichi kuna hamira ya asili. Yeyusha gramu 60 za sukari kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kisha tia gramu 40 za majani yaliyovuliwa ala na kusuuzwa haraka tu. Ukiyasugua sana au ukitumia maji ya moto unaiua hamira, na hapo ndipo wengi hukwama. Maji ya bomba yenye klorini nayo huidhoofisha.

Tumia chupa ya plastiki ya soda, kamwe si ya kioo, na uache nafasi ya vidole vinne juu. Iweke gizani na uibonyeze asubuhi na jioni. Kwa joto la Dar huanza kukaza siku ya pili. Njombe inaweza kufika ya tano. Ikishakuwa ngumu kama chupa mpya dukani, legeza kifuniko polepole juu ya sinki, chuja, weka kwenye friji na unywe ndani ya siku mbili tatu. Ukiisahau itapasuka. Ikiwa na utelezi, ukungu au harufu ya yai bovu, mwaga. Ina kilevi kidogo, na kadiri inavyokaa kinaongezeka, kwa hiyo asiyekunywa kilevi aachane nayo.

Sufuria inanata na sabuni haitoi. Nifanyeje?

Utomvu hauyeyuki kwa maji, na maji baridi huugandisha zaidi. Paka kijiko cha mafuta ya kupikia, sugua kwa kitambaa kikavu mpaka unato uishe, ndipo uoshe kwa maji ya moto na sabuni. Mikono ni vivyo hivyo. Siku nyingine tumia chombo cha kioo, cha stili au cha enameli; sufuria ya alumini iliyokwaruzika hushika utomvu kwenye mikwaruzo, na wali wa jioni utanukia paini.